Karata ya Tano Iko kwa Muuza Mayai

Saa tisa alasiri, mlango wa stoo ya vitunguu unafungwa kwa nje. Ndani taa hakuna, kuna tundu moja tu juu karibu na bati. Mwanamume mwembamba amekalia gunia, mikono iko magotini, machozi yanamtoka. Halii. Ni vitunguu.

Kwenye gunia la pili ameketi mwenyekiti wa soko, mama mnene wa sauti nzito, ambaye stoo hiyo ni yake. Simu ya yule mwembamba imezimwa, iko kwenye pochi ya mama.

"Usikohoe," mwenyekiti anamwambia.

"Mama, humu nani asiyekohoa?"

"Basi kohoa kidogo. Ukizidisha nitasema unaongea na watu wa nje."

Sokoni wanamwita Tano. Kazi yake ni mazingaombwe ya karata, na leo kazi yenyewe iko mahakamani, hakimu ndiye huyo mama wa vitunguu.

Nje, kwenye uwanja wa pembeni ya soko, watu wamejaa mpaka wengine wamepanda mikokoteni. Dada yake Tano, anayepiga pasi nguo za watu na ndiyo maana anaitwa Dada Pasi, amesimama mbele ya meza tupu. Mtu yeyote anachomoa karata tano kutoka kwenye pakiti. Dada Pasi anaziangalia, moja anaificha, nne zinapelekwa stoo. Basi. Hakuna kuongea, hakuna kukonyeza. Tano akiziona hizo nne tu, aitaje ile ya tano.

Akipatia, wanarudishiwa uwanja wao. Akikosea, yeye na dada yake wasionekane tena hapo. Ndivyo walivyokubaliana na mwenyekiti mbele ya wafanyabiashara wote, wakapeana mikono.

Mlango unafunguliwa kidogo. Mbeba mizigo mmoja, jamaa wa miraba minne wanayemwita Kontena, anapenyeza mkono wenye karata nne. Mlango unafungwa.

Tano anaziangalia. Midomo inacheza. Anarudia tena. Halafu anazisogeza kwenye ule mwanga wa tundu, na uso unamshuka.

Hesabu inamwambia karata iliyofichwa ni saba ya kopa. Na saba ya kopa anayo mkononi.

Sasa, mtu atauliza, karata ni mchezo wa kupoteza muda, imekuwaje watu wazima wafungiane stoo? Imekuwa hivi.

Tano ana miaka thelathini na sita. Dada Pasi kamzidi mitano. Kwa miaka mingi Tano alikuwa anasimama kwenye uwanja huo, kati ya bomba la maji na banda la mayai, kofia iko chini, karata ziko mkononi.

"Siku nzuri kofia ilikuwa inalipa kodi ya chumba," anasema. "Siku mbaya nakuta vifungo vya mashati. Yaani mtu anavikusanya nyumbani kwake, anavibeba, anakuja kuvitia kwenye kofia yangu kwa heshima zote kama anatoa sadaka."

"Na mimi nilikuwa navichukua," Dada Pasi anadakia. "Shati la mteja likipungua kifungo nashona. Tusiseme tulipata hasara."

Mchezo wa zamani ulikuwa rahisi kuutazama. Mtu anachomoa karata moja, anawaonyesha watu wote, Tano kageuka, kajifunika kitambaa usoni. Akigeuka anaitaja. Watu walikuwa wanakagua mikono yake, mifuko yake, hata kile kitambaa walikivaa wenyewe kuona kama kinaonyesha. Mwanamke mwenye kikapu aliyesimama katikati yao hakuna aliyemkagua.

Kikapu kikiwa mkono wa kulia, karata nyekundu. Kushoto, nyeusi. Akijikuna sikio, akirekebisha kitambaa cha kichwa, akihamisha mguu, kila kitu kina maana yake. Kazini walikuwa wanakuja kwa njia tofauti. Wakikutana bombani, Dada Pasi anasema "habari yako, kaka" kama anavyomsalimia mpita njia, anachota maji yake anaondoka.

Kuna siku alikuwa ndiye mbishi mkubwa kuliko wote. "Huyu mwongo, mimi siamini," anapaza sauti, watu wanamuunga mkono.

"Nilikuwa namtukana vizuri sana," anasema huku akipuliza makaa ya pasi. "Siku moja nilimwita mbuzi, akashindwa kuendelea na mchezo kwa kucheka. Ikabidi nimwite mbuzi tena ili watu wajue nina hasira kweli."

Kisha anaiweka pasi chini.

"Lakini watu wakipiga makofi, na mimi napiga. Nampigia yeye. Na nusu ya hayo makofi ni yangu, na hakuna anayejua. Unapiga makofi unajipigia mwenyewe, halafu unabeba kikapu unakwenda zako."

Siri ilivuja mwaka jana, na aliyeivujisha ni yeye mwenyewe.

Muuza mayai, jirani yao pale uwanjani, alikuwa amechoka na umati unaoziba banda lake. Siku hiyo uvumilivu ukamwishia. Akasimama mbele ya watu akamwambia Tano, "Mtu mzima unacheza karata barabarani. Wewe huna hata mama aliyekufunza kazi?"

Dada Pasi alikuwa nyuma yake. Kikapu kilikuwa mkono wa kulia, maana karata ilikuwa nyekundu. Kikatoka mkono wa kulia kikatua begani kwa muuza mayai.

"Mama unayemsema," akamwambia, "nimemzika mimi na huyu hapa."

Watu wakamwangalia yeye, wakamwangalia Tano, wakarudi kwake. Mzee mmoja anayeuza viatu akasema polepole, "Mbona pua ni moja."

"Miaka yote hawakuiona pua," Tano anasema. "Siku hiyo wakaiona."

Kilichofuata, acha tu. Kofia ilipigwa teke. Wakaitwa matapeli, wakaitwa wezi, na watu ambao hawajawahi kutoa hata kifungo wakadai warudishiwe chao. "Mayai hayakurushwa," Dada Pasi anakumbuka. "Mwenye mayai anajua bei yake." Mwenyekiti akaja, akasikiliza pande zote, akawafukuza.

Usiku ule ndugu hao hawakusemeshana. Asubuhi Tano akaja na mpango: wahamie soko lingine, dada abadilishe kikapu, avae miwani.

"Miwani ya nini?"

"Ya kujificha."

"Mimi sijifichi tena, mdogo wangu. Nimejificha mpaka nimejisahau. Tafuta mchezo ambao nasimama mbele, kila mtu ananiona, kila mtu anajua mimi ni wako, na bado hawajui tunafanyaje. Kama haupo, nenda kabebe magunia na Kontena."

Haukuwepo. Akaenda kubeba magunia.

Chumba cha kupigia pasi kinatazama barabara. Mbele kuna meza ndefu iliyofunikwa blanketi kuukuu lenye alama za kuungua, pasi mbili za makaa, moja inafanya kazi nyingine inapata moto. Nyuma ya pazia kuna kitanda. Nguo za watu zimekunjwa ukutani mpaka usawa wa dirisha. Jioni, Tano akirudi na mgongo wake, wanasogeza kola na mikono ya mashati, wanatandaza karata. Pakiti ya kwanza iliharibika kwa joto, karata zikajikunja kama magome.

Fununu ya mchezo wenyewe aliileta mteja, mwalimu wa hesabu anayeleta mashati meupe kila wiki. Alizikuta karata mezani akasema, hivi, chuoni niliwahi kuona mchezo: karata tano, moja inafichwa, mtu anaonyeshwa nne anaitaja ya tano. Hakuna ujanja, ni hesabu tupu.

"Hesabu yenyewe?" Tano akauliza.

"Nimeisahau. Ila inawezekana."

Hilo neno "inawezekana" lilimnyima Tano usingizi. Bora angeambiwa haiwezekani, anasema, angelala.

Walichokuwa wanakitafuta walikuwa nacho tangu utotoni. Kilikuwa kimekaa mlangoni.

Walilelewa kwenye chumba kimoja. Baba alikuwa mlinzi wa usiku, kwa hiyo mchana analala, na mchana kelele zilikuwa kosa la jinai. "Kijiko kikianguka baba anaamka," Dada Pasi anasema. "Baba akiamka, hata paka anatafuta pa kwenda." Ndipo watoto wakaanza kuongea kwa viatu.

Pale mlangoni palikuwa na kandambili ya bibi, raba ya mama na buti la baba. Ndogo, ya kati, kubwa. Dada alikuwa wa kwanza kurudi kutoka shule, akiona hali ya ndani ilivyo anavipanga. Mdogo wake akifika, kabla hajagusa pazia, anasoma.

Kandambili, raba, buti: kwema, ingia. Raba, buti, kandambili: kachote maji kwanza. Buti, raba, kandambili: usiingie kabisa, kuna kesi yako. Na mpangilio aliokuwa akiupenda Tano kuliko mingine yote, buti, kandambili, raba: baba kaamka na kanuna, lakini bibi yupo, ingia ukae nyuma yake. Ilikuwepo na mingine miwili. Viatu vitatu unaweza kuvipanga kwa namna sita, kwa hiyo walikuwa na habari sita za kupeana.

Ubaya ulikuwa mmoja, mama. Mama alipenda mambo yakae sawa. Siku moja Dada Pasi kaandika usiingie kabisa, mama kafagia, kavikuta viatu vimekaa ovyo, kavipanga vizuri kwa ukubwa: kandambili, raba, buti. Mdogo wake akafika na shati limechanika mgongoni, akasoma kwema, akaingia anaimba.

"Nilichapwa mpaka wimbo ukaniishia kichwani," Tano anasema.

Tangu siku hiyo, habari yoyote ikipotoshwa njiani, nyumbani kwao husemwa: mama kapita.

Basi, jioni moja Dada Pasi yuko kwenye kola ya shati la mwalimu, Tano anakuna kichwa juu ya karata, akasikia dada yake anasema kama anajisemea: "Ndogo, ya kati, kubwa. Si ni kandambili, raba, buti."

"Niliacha kupumua," Tano anasema. "Dada akadhani nimeungua."

Karata tatu, ukizipanga, zinataja namba kuanzia moja mpaka sita. Hapo nusu ya safari imekwisha. Nusu nyingine iko hivi: karata zina aina nne, kopa, uru, shupaza na pau. Ukichomoa tano, lazima walau mbili ziwe za aina moja. Ficha mmoja, nduguye mweke wa kwanza mbele. Ukimwona ndugu, umeshajua ukoo wa aliyejificha.

"Mmoja anajificha, ndugu yake anasimama mbele," Dada Pasi anasema. "Hiyo si tulikuwa tunaijua siku zote."

Wakakwama tena. Ukoo una karata kumi na tatu, na viatu vinahesabu sita tu. Kutoka tatu mpaka kumi na moja unafikaje? Wakabishana wiki nzima, sauti juu, baba hayupo wa kuwanyamazisha.

Mwalimu ndiye aliyewatoa. Alikuja kuchukua mashati, akasikiliza ugomvi, akaomba vifungo. Vifungo ndivyo vilivyojaa humo, vile vile vya kwenye kofia. Akavipanga mezani kumi na tatu, duara, kama watoto walioshikana mikono.

"Chagueni viwili vyovyote," akawaambia. "Upande mmoja mtakuta njia ndefu. Zungukeni upande wa pili. Daima kuna upande ambao hauzidi hatua sita."

Kwa hiyo Dada Pasi ndiye anayeamua yupi kati ya wale ndugu wawili afichwe, ili njia iwe ile fupi na hatua zake zitajwe na viatu, na ukifika mfalme unaendelea kwenye ree, ambayo ndiyo moja, unazunguka. Mwalimu alifurahi mpaka akaondoka bila mashati.

Yote hayo Tano ameruhusu yaandikwe. "Andika tu," anasema. "Anayetaka akajaribu. Ila ajaribu mbele ya watu, muda ni ule wa kukunja shati moja, na muuza mayai amemsimamia."

Turudi stoo.

Tano ameshika karata nne na machozi ya vitunguu. Ya kwanza ni tano ya kopa. Zinafuata tatu ya shupaza, mfalme wa pau, saba ya kopa. Kwa lugha ya viatu, kandambili, buti, raba: hatua mbili. Tano, sita, saba. Na saba hii hapa, kidole gumba kiko juu yake.

Dada kakosea?

"Dada yangu kakosea mengi," atakuja kusema baadaye. "Hata mume alikosea, mwenyewe anakiri. Viatu hajawahi."

Anaiinua ile saba kwenye mwanga. Pembeni ina tone la maji lenye mchanga. Kati ya meza ya dada na stoo hii kuna bomba.

Hapo ana njia mbili. Abahatishe karata yoyote, na pengine huo uwe mwisho wa uwanja. Au aseme kilichotokea, na siri ya miezi yote hiyo aitoe mwenyewe mkononi mwake akiwa na akili timamu.

"Mama Mwenyekiti," anasema, "hizi karata zimeanguka njiani."

"Umejuaje?"

"Mpangilio umevurugika."

Mwenyekiti anajiweka sawa, gunia linalia chini yake.

"Kwa hiyo siri yenyewe ni mpangilio."

"Ndiyo, mama."

"Umeshanipa siri yako."

"Nimekupa. Gonga mlango, tafadhali, wafungue."

Uwanjani Kontena anaulizwa mbele ya watu, na huyo mtu anayebeba magunia mawili kwa mpigo anaangalia vidole vyake vya miguu.

"Ziliniponyoka pale bombani," anasema. "Nikaziokota. Mimi nilijua karata ni karata, maadamu ni zile zile."

Watu wanacheka. Dada Pasi anaziba mdomo kwa kiganja, anasema kitu ambacho mdogo wake peke yake angekielewa: "Mama kapita."

Muuza mayai hacheki. Anasogea mpaka kwenye meza. "Ahaa. Kumbe mpangilio. Basi tumeujua, mchezo umekwisha, kila mtu arudi kwenye biashara yake."

"Umeujua?" Dada Pasi anamuuliza.

"Si mwenyewe kasema."

"Vizuri, kaka yangu. Chukua tano, ficha moja, panga nne, mpelekee."

Muuza mayai anazichukua. Anaziangalia. Anaweka nyekundu huku, nyeusi kule. Anazirudisha. Nyuma mtu anamwambia afanye haraka, mayai yatatotoa.

"Nipange vipi sasa?"

"Si umeujua."

Hapo uwanja unapasuka kwa kicheko, na kuna watu wanaoanza kuangalia upande wa Dada Pasi kwa namna nyingine. Lakini muuza mayai si mtu wa kushindwa kwa kicheko. Anasubiri kelele zipungue.

"Karata mpya," anasema. "Nachagua mimi. Na kubeba nabeba mimi. Nimebeba mayai miaka kumi na tano, nani hapa kaona nimeangusha?"

Hakuna aliyeona. Mwenyekiti anakubali. Tano anarudishwa kwenye vitunguu.

Muuza mayai anachanganya pakiti mpaka Kontena anamwonea huruma, anachomoa tano, anamkabidhi Dada Pasi kama anamkabidhi hati ya mashtaka. Dada Pasi anaziangalia kwa muda wa kupitisha pasi kwenye mkono wa shati. Moja anampa mwenyewe.

"Weka mfukoni mwako. Usimwonyeshe mtu."

Nne anazilaza kwenye trei tupu ya mayai, moja baada ya nyingine. Watu wote wanainamia. Mmoja anasema ni rangi. Mwingine anasema angalieni vidole. Mzee wa viatu anasema wanyamaze. Dada Pasi anarudi nyuma ya meza, mikono anaiweka mgongoni ili waione haipo.

Muuza mayai anaondoka na trei. Anatembea kama siku zote anavyotembea na trei iliyojaa, kiuno kimetulia, macho mbele, na watu kwa mazoea wanampisha. Bomba analipitia mbali.

Mlango unafunguliwa. Trei inawekwa juu ya gunia.

Malkia wa uru. Kumi ya kopa. Mbili ya pau. Nane ya shupaza.

Tano anaangalia. Kubwa, ndogo, ya kati. Buti, kandambili, raba. Na hapo, kwa maelezo ya mwenyekiti mwenyewe, machozi yalizidi kidogo kuliko yanayostahili vitunguu. Baba kaamka na kanuna. Lakini bibi yupo. Ingia.

Viatu vilivyopangwa hivyo ni hatua tano. Anaanza kwa malkia anahesabu kwa kidole kwenye goti. Mfalme. Ree. Mbili. Tatu. Nne.

Muuza mayai amesimama juu yake, mkono umeng'ang'ania mfuko wa shati kama mtu aliyeingia kwenye foleni ya wezi.

"Kaka," Tano anamwambia, "uliyonayo hapo ni nne ya uru."

Muuza mayai anaitoa, anaitazama, anaigeuza nyuma, anaitazama tena mbele. Halafu anatoka nayo nje, mlango anausukuma kwa kisigino unajifunga.

Ndani wanabaki wawili kwenye giza. Kisha zinaanza kelele, miluzi, makofi, mtu anapiga sufuria.

"Mama, chungulia," Tano anasema. "Wanampigia nani?"

Mwenyekiti anasogeza jicho kwenye ufa wa mlango. "Mwenye mayai kainua karata juu. Watu wamemzunguka dada yako. Wanampigia yeye."

"Yeye anafanya nini?"

"Kasimama. Mikono bado iko mgongoni. Naona hajui aiweke wapi."

Mwenyekiti anashika kitasa. Tano anamgusa mkono.

"Usifungue kwanza, mama," anasema. "Acha wampigie."

Wiki imepita tangu siku hiyo, na uwanja ni wao tena. Kofia imerudi chini kati ya bomba na banda la mayai. Siku ya kwanza ililipa kodi na kubakiza. Vifungo vilikuwa viwili tu, na inasemekana mwenye mayai anajua vilikotoka.

Huyo huyo juzi kaleta shati lipigwe pasi. Shati lenyewe halikuwa na mkunjo. Akakaa kwenye stuli, akazungumza habari za bei ya chakula cha kuku, mwisho akauliza kama mtu anayepitisha muda, "Hivi ile kumi ya kopa ilikuwa na kazi gani?" Dada Pasi akamwambia anayetaka kujifunza avue kandambili zake aziache mlangoni. Akavua.

Lakini Dada Pasi ana mpango mwingine, na huo ndio anaoupigania sasa. Anataka wabadilishane.

"Miaka yote napanga mimi, anayejibu ni yeye," anasema. "Sasa na yeye apange. Mimi ndiye nifungiwe huko vitunguuni, nilie machozi yangu, nitoke na jibu."

Onyesho la kwanza la namna hiyo wamelipanga mwisho wa mwezi. Ubao umeshachorwa, umeegemea ukutani unakauka: Dada Pasi na Tano. Jina la dada liko mbele. Shida ni kwamba Tano bado mzito kupanga. Anafikiri mpaka makaa yanageuka majivu, na mara mbili kaficha ndugu ambaye siye. "Mtu anasoma kitabu miaka thelathini," dada yake analalamika, "ukimpa kalamu anakuuliza herufi a inakaaje." Kwa hiyo anamfanyisha mazoezi kutwa, hata pasipo karata.

Mchana huu katoka kupeleka nguo za mteja. Anarudi kibarazani na beseni tupu kichwani, na kabla hajashika pazia anasimama.

Mlangoni kuna viatu vitatu. Raba yake ya nyumbani, buti la Tano, kandambili ya muuza mayai. Vimekaa kwa mpangilio huo huo.

Ndani, wanaume wawili wamenyamaza kama watoto.

Dada Pasi anavisoma mara moja. Anashusha beseni, anachukua ndoo iliyoko pembeni ya mlango.

"Kapatia," anasema, akigeuka kuelekea bombani. "Ila mtoto huyu kanituma maji."